Sarafu za Wamaya Joubert Park

Nina hasira za karibu. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba mimi huwaka kabla kiberiti hakijawashwa, na hakukosea. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba yaliyotokea Agosti ya mwaka 2015 yaliletwa na giza tu. Giza lilichangia. Mabaya zaidi niliyafanya taa zikiwaka.

Wakati huo nilikuwa na chumba cha ushonaji Joubert Park, katikati ya Johannesburg, chini ya jengo la ghorofa, mlango mmoja, dirisha hakuna. Mume wangu alikuwa mkimbizi wa siasa kwetu Morogoro kabla ya kunileta kwao, na alipofariki aliniachia cherehani mbili na kitambulisho cha Afrika Kusini. Mwenzangu wa kazi alikuwa mama mmoja kutoka Bukavu. Upindo aliofunga kwa mkono hukuuona uzi wake hata ukiupeleka juani. Yeye kitambulisho hakuwa nacho. Alikuwa na karatasi ya hifadhi iliyokwisha muda tangu Juni, na kila alipokwenda Pretoria kuihuisha alipanga foleni tangu asubuhi akarudi jioni na karatasi ileile. Polisi wangemkamata, angerudishwa Kongo, na watoto wake wawili wamezaliwa hapa hapa. Hayo yote nilikuwa nayajua.

Mteja aliyetuletea balaa alikuwa Mkenya wa makamo, mtu wa benki huko Sandton, mpole, viatu vinang'aa. Alikuwa na sanduku la mbao lenye sarafu sita za dhahabu, za kumbukumbu, kila moja ikiwa na picha ya jengo la kale la Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati. Alikuwa amezikusanya moja moja kwa miaka. Mahameli ya ndani ya sanduku ilikuwa imechakaa na kutoa vumbi, akataka niitoe, niweke kitambaa kipya chenye matundu sita, kila sarafu ikae mahali pake bila kucheza. Alikataa kuniachia sanduku hata kwa saa moja. Akaniambia atakuja nalo mwenyewe, akae kwenye kiti, nipime yeye akiwa anaona.

Mara ya kwanza alipozipanga mezani nilisahau kazi. Zilikuwa ndogo, sawasawa na senti kumi zetu, lakini ukiinama unaona mnara wa Palenque, mahekalu ya Tikal yamechomoza juu ya miti, na kuta za Uxmal zilizochongwa kama mkeka. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Chichen Itza: hekalu la ngazi pande zote, na chini ya ngazi vichwa viwili vya nyoka vimeachama. Alikuwa amefika huko. Alitusimulia kwamba mara mbili kwa mwaka jua hulipiga hekalu lile kwa upande, kivuli kikateremka ngazini kikiwa kimejipinda, mpaka kikaungana na kichwa cha nyoka cha chini.

"Kivuli kinatembea kabisa," akasema. "Watu wanalia. Hata mimi, wacha nikuambie ukweli, machozi yalinitoka."

Mwenzangu alikuwa ameficha mikono nyuma. Kanisani kwao walikuwa wamehubiriwa mwezi mzima kuhusu nyoka na vitu vya dhahabu vinavyoingizwa majumbani.

"Mama," akaniambia, "zile zingine, sawa. Lakini ile ya nyoka miye siiguse. Hata na kijiti."

"Ni mawe tu, dada," Mkenya akacheka. "Hiyo ni historia."

"Historia ya nani?"

Tulicheka wote watatu. Lakini kweli hakuigusa. Akipita mezani alivuta nguo yake isije ikagusa kona ile. Ningekuwa mtu wa kufikiri, jambo hilo moja lingenitosha.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa na kazi nyingine, majoho meupe kumi na mawili ya kwaya ya kanisa la mwenzangu. Agosti Johannesburg ni upepo, na akina mama wa kwaya huandamana barabarani kabla ya kuingia ibadani. Ili majoho yasipeperuke na kuwaaibisha, ndani ya kila upindo tulikuwa tukiweka sarafu nne za senti kumi, moja kila upande. Ni pesa isiyonunua kitu tena, lakini ina uzito wa kutosha. Mimi nilikuwa naziingiza na kukunja kitambaa, yeye anafunga kwa sindano. Joho lake mwenyewe, maana naye alikuwa akiimba, tuliliweka la mwisho, kama ilivyo kawaida ya mafundi wote. Wateja kwanza, sisi baadaye.

Ijumaa, kama saa nane mchana, Mkenya alikuja kwa kipimo cha mwisho. Alizitoa sarafu kwenye vifuniko vyake vya plastiki, akazipanga juu ya kitambaa kizito cha kijivu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na chaki, na kushoto kwangu, kando ya kitambaa hicho, nilikuwa nimeshatenga senti kumi nne za joho lile la mwisho. Ndipo umeme ukakatika. Mwaka ule ulikuwa ukikatika kila siku, lakini mle ndani hukuzoea. Ilikuwa kama umefunikwa na blanketi. Nje king'ora cha gari kikaanza kulia.

"Eish, hiyo ni yangu!" Mkenya akasema, akapapasa ukuta akatoka.

Nami nikafanya nini? Nikaendelea na kazi. Joho lilikuwa linachukuliwa saa kumi, na mimi huwa siwezi kukaa mikono mitupu. Nilivuta vile vipande vinne kwa vidole, nikavisukuma ndani ya upindo, nikakunja, nikampa mwenzangu. Alienda kufungia mlangoni, penye mwanga kidogo wa korido.

Mkenya aliporudi aliwasha tochi ya simu, akaimulika meza, na nikamwona uso ukibadilika. Sarafu zilikuwa tano. Nafasi ya hekalu la nyoka ilikuwa tupu.

Tulitafuta. Umeme uliporudi tulikuwa magotini wote watatu. Tuliumwaga mkebe wa senti kumi sakafuni, tukainua zulia, tukafungua cherehani. Katikati ya kutafuta walikuja akina mama wawili wa kwaya wakayachukua majoho, mimi nikawakabidhi bila hata kuwatazama. Walipoondoka, Mkenya alikaa kwenye kiti chake.

"Mama," akasema polepole, "mimi nilitoka. Humu ndani mlibaki wawili tu."

Nilisikia joto likinipanda mpaka masikioni. Sikuwahi kuitwa mwizi maishani mwangu, na sikuweza kuvumilia kuitwa hivyo nusu. Nikamgeukia yule wa pili.

"Mwaga mkoba," nikamwambia mwenzangu.

Alinitazama akidhani natania. Kisha akaumwaga: karatasi yake ya hifadhi iliyokunjwa nane, kitana, nusu ya andazi. Nikamwambia avue viatu. Akavua. Nikamwambia ageuze mifuko, afungue kilemba, na alipokifungua nikaona misuko yake imefungwa kwa nyuma, minene, nikamwambia afumue.

"Mama, sikuikamata," akasema. "Mungu iko anaona. Ile ya nyoka, mimi?"

"Fumua."

Alifumua msuko mmoja mmoja, amesimama katikati ya chumba, na Mkenya akageuza uso ukutani. Hapakuwa na kitu. Nilitaka yule bwana aone kwamba sifugi wezi; hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, na siwezi kuipaka rangi. Hakuna aliyeniambia mimi nigeuze mifuko yangu.

Alipomaliza akajifunga kilemba, akakusanya vitu vyake, akaondoka. Mkenya aliniuliza anaishi wapi na anasali wapi. Nikamwambia. Nilimtajia jengo, ghorofa, mpaka namba ya mlango.

"Jumapili nitaenda kwa mchungaji wake, tuongee kama watu," akasema. "Ikishindikana, Jumatatu ni polisi. Sina maneno mengi."

Jumamosi sikushona hata mshono mmoja. Nilijiambia kwamba mtu asiye na hatia angebaki akajitetea, si kuondoka. Nilijiambia pia kwamba watu hubadilika wakiwa na shida. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa na lengo moja, nilale vizuri.

Jumapili asubuhi niliingia chumbani kusafisha ili nianze wiki upya. Nikakikung'uta kile kitambaa cha kijivu. Kitu kikadondoka, kikazunguka sakafuni, kikatulia karibu na mguu wangu. Ilikuwa senti kumi.

Sikuiokota. Nilikaa kwenye kiti cha Mkenya nikaitazama, na vidole vyangu vikakumbuka kabla yangu. Nilitenga nne. Nilivuta nne. Kama moja ilibaki kwenye mkunjo wa kitambaa, basi kuna kipande kilichoingia upindoni ambacho hakikuwa senti kumi. Na joho lilikuwa lile la mwisho, la kwake.

Nilichukua wembe, nikatoka bila kufunga mlango. Kanisa lao lilikuwa ukumbi wa kukodi juu ya maduka, mwendo wa dakika kumi. Nilikimbia, mwanamke wa umri wangu, watu wakinipisha wakidhani ninafukuzwa. Kwaya ilikuwa imemaliza kuimba. Mzee mmoja wa mlangoni akanionyesha chumba cha pembeni. Ndani alikuwemo mchungaji, Mkenya amekaa na kofia magotini, na mwenzangu amesimama mbele yao na joho lake jeupe, mikono imeshikana.

"Dada, sema tu," mchungaji alikuwa anamwambia kwa upole. "Sema, tusaidiane. Jumatatu haitakuwa mikononi mwetu."

Sikusalimia. Nilipiga magoti miguuni pa mwenzangu nikaushika upindo. Alirudi nyuma hatua moja, nikamfuata kwa magoti. Upande wa mbele ilikuwa senti kumi, ukingo wake niliutambua. Wa kushoto, senti kumi. Wa nyuma kilikuwa kipande kizito zaidi. Nikakata nyuzi zake zile zisizoonekana, na hekalu la nyoka likaangukia kiganjani mwangu, linang'aa.

"Yesu!" akasema mchungaji.

Mkenya akasimama. Alimtazama mwenzangu, si mimi. Wote wawili walimtazama yeye. Na mimi, nikiwa bado magotini na sarafu mkononi, nilielewa jinsi jambo lile lilivyoonekana: imepatikana kwenye nguo yake, imeshonewa ndani kwa mkono wake, kwa uzi wake. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi, ila mimi. Ningenyamaza, ningebaki na duka langu, na mteja wangu, na jina langu.

Nilinyamaza. Sitasema kwamba sikunyamaza. Haukuwa muda mrefu, pumzi mbili, pengine tatu, lakini yeye aliuona. Alikuwa akinitazama kutoka juu, na niliona jinsi alivyosoma kila kitu usoni mwangu, hata kile nilichokuwa nakipima.

"Ni mimi," nikasema. "Niliiweka mimi, gizani, nikidhani ni senti kumi. Yeye alifunga tu nilichompa. Hakujua."

Mkenya aliichukua kwa ukingo, akaipeleka dirishani. Sindano ilikuwa imeikwaruza, mstari mwembamba katikati ya ngazi. Alisononeka sana, akaongea habari ya mkwaruzo ule kwa muda, jinsi kitu kama hicho hakirudi tena kuwa kizima. Kisha akamwambia mwenzangu, "Pole, dada," akavaa kofia yake, akaondoka na hekalu lake. Hakurudi kuchukua kitambaa kipya cha sanduku.

Mwenzangu alikuwa ameinua joho kidogo, anatazama mahali palipokuwa na sarafu, karibu na kisigino. Alikuwa ameimba nalo asubuhi nzima. Akalivua polepole, akabaki na gauni lake la kawaida, akaniwekea mikononi.

"Njoo kazini kesho," nikasema. "Tafadhali. Tutazungumza."

"Ijumaa, Mama, ulifikiri ni mimi, nikafumua nywele mbele ya mwanaume," akasema. Hakupaza sauti. "Leo imejulikana ni weye. Nani amekwambia ufumue zako?"

Akatoka. Jumatatu nilimngoja mpaka saa sita. Jumanne vilevile. Jumatano nilifunga duka nikaenda kwenye lile jengo, ghorofa ile, mlango ule niliomtajia yule bwana bila kuulizwa mara mbili. Kutoka kwenye korido nilisikia cherehani ya mkono ikizunguka ndani. Nikabisha. Akafungua binti yake, wa miaka minane hivi, aliyevaa sare ya shule. Nilimsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, macho yake yakitazama chini.

"Mama amesema hayupo," akaniambia.

Nikasema kwa sauti, ili ifike ndani, kwamba nimekuja kuomba msamaha, kwamba kosa lilikuwa langu la tangu Ijumaa na wala si la giza.

Cherehani ikasimama. Mimi na mtoto tukangoja pale mlangoni, tukisikiliza. Kisha ikaendelea kushona.