Mume wa Dirisha Namba Moja

Mtaa mzima umekwisha kusimulia kwamba ukoo wa marehemu mume wangu ulimfukuza mke wa shemeji yangu. Kwa kuwa kalamu ninayo, nitaeleza mwenyewe. Ukoo haukumfukuza mtu. Aliyefukuza ni mmoja: huyo shemeji, mdogo wa marehemu, afisa wa uhamiaji mpakani, ambaye kwa miaka kumi na tisa amegonga mihuri kana kwamba yeye ndiye anayegawa pumzi.

Mkewe alizaliwa ng'ambo na pasipoti yake ni ya huko. Kila mwezi alivuka kumwona mama yake, mwendo wa nusu saa kwa miguu, akarudi baada ya siku moja au mbili.

Kisha wakubwa wakagombana. Waziri wao alikuja mkutanoni kwetu akakalishwa nyuma, karibu na mlango wa choo. Akarudi kwao, wakapiga marufuku maziwa yetu. Sisi, kwa hekima yetu isiyo kifani, tukapiga marufuku mayai yao. Baada ya mayai wakafuata watu: raia wa ng'ambo haingii bila barua kutoka makao makuu. Watu wakasema tembo wanapigana. Tembo gani? Majogoo wawili juu ya jaa moja.

Mke alivuka Jumanne, amri ikatoka Jumatano. Alhamisi akarudi, na dirishani yuko nani? Mumewe.

"Barua iko wapi?" akauliza shemeji.

"Barua gani tena, baba watoto? Nipitishe, wanangu hawajala."

"Mama, bila barua siwezi."

"Mama! Juzi mke, leo mama?"

Foleni ikaangua kicheko. "Mzee, leo utajipikia!" akapaza sauti dereva wa lori. Shemeji akairudisha pasipoti.

"Anayefuata."

Siku hiyohiyo mwenzake wa dirisha namba mbili aliwapitisha bila barua wake wawili wa madereva, nao raia wa ng'ambo, na hakuna aliyemuuliza.

Nikamfuata. "Shemeji, watoto wako kwangu, wanamlilia mama yao."

"Nikimpitisha wangu, watasema napendelea."

"Usipompitisha watasema huna akili. Chagua."

Hakuchagua. Aliandika maombi ya barua, nakala tatu, akasubiri majibu.

Wiki kumi na moja. Halafu mawaziri wakakumbatiana mbele ya kamera, wakicheka hadi magego yakaonekana. Maziwa yakavuka, mayai yakavuka, na watu wakavuka bila barua. Shemeji akapiga pasi sare, akanyoa ndevu. Mkewe alipotokea, akamwita apite mbele. Alikataa, akasubiri zamu yake.

"Sababu ya safari?" shemeji akatania.

"Matembezi."

"Siku ngapi, mke wangu?"

"Moja. Nimekuja kuwachukua wanangu." Akamsukumia karatasi: ridhaa ya baba, watoto wawili kuvuka na mama yao. Yote ilikuwa imejazwa, ila saini.

Safari hii foleni haikucheka. Shemeji alitafuta kosa kwenye karatasi ile juu hadi chini, asilione. Ndipo akanitazama mimi, niliyesimama kando na watoto na mabegi yao. Alidhani mke wa kaka yake atamtetea.

"Tia saini," nikamwambia.

Akatia. Mabegi niliyabeba mwenyewe hadi ng'ambo, mchana kweupe, ili kila mwenye macho aone ukoo wetu ulisimama upande gani.