Mkono Nyuma ya Watu

Nimeshika maikrofoni, na harufu ya dagaa inaingia ukumbini kutoka jikoni. Mara niko tena Musoma, ufukweni, kesho nasoma risala ya mahafali ya darasa la saba. Mama alikuwa mbali kule, anaanika dagaa, amenipa mgongo.

“Ongea na mimi huku,” alisema. “Wa mbele wanasikiaga tu. Nikikusikia nitanyoosha mkono.”

Nikaanza. Hakugeuka. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti, na mkono ukapanda, umejaa magamba yanayometameta. Nilirukaruka mchangani kama mwehu.

Kesho yake uwanja ulifurika wazazi, Mama simwoni. Nikasoma hivyo hivyo. Nyuma kabisa, juu ya vichwa vyote, mkono ukapanda.

Natazama viti vya mwisho vya ukumbi huu, kisha naanza.