Hapana Niliyoiandika Dukani kwa Dada Neema

Nilipokuwa mtoto, kwetu Handeni palikuwa na ugonjwa mmoja ambao kuutaja kulihesabiwa kuwa ni kuuita. Malaria tuliitaja. Kuhara tulikutaja hadharani tena kwa kucheka. Hata ukimwi watu walishaanza kuutaja, ingawa kwa kunong'ona. Lakini degedege, hapana. Mgeni akiropoka neno hilo mbele ya mtoto mdogo, bibi yangu alitema mate pembeni na kumwambia atoke na mdomo wake. Ilisemwa kuna dege kubwa linalopita juu ya nyumba, na mtoto aliyeangukiwa na kivuli chake hukakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Ukilitaja, linajua pa kutua. Na mtoto aliyepitiwa nalo hachomwi sindano, kwa sababu tundu la sindano ndilo mlango wake. Ukimchoma, amekufa.

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza. Nimeishi na hasira hii zaidi ya nusu ya umri wangu na haijahama.

Nililelewa na Bibi Mwantumu, mzaa mama. Mama yangu alikuwa Hale, akiwapikia wafanyakazi wa mtambo wa umeme, na alikuja nyumbani mara chache. Tuliokuwa kwa bibi ni mimi, mdogo wake mama aitwaye Zaina, na mwanawe Jumaa, mtoto wa miaka miwili aliyejifunza kusema "sitaki" kabla ya kusema "nataka". Alikataa uji, alikataa kuoga, alikataa kushuka mgongoni kwangu. Hata leo nikisikia mtoto anasema sitaki, huwa nageuka.

Nitasema na hili, kwa kuwa haki ni haki: mapenzi ya dawa nilipewa na bibi huyo huyo. Yeye ndiye aliyenionyesha majani ya kuchemsha na ya kuponda, na kwamba mtu mzima hupewa kiganja na mtoto hupewa vidole vitatu, wala huzidishi kwa huruma. Watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali. Mezani kwake palikuwa na makopo ya maziwa ya unga, kila moja na mzizi wake, na yeye asiyejua kusoma hakuwahi kukosea kopo.

Nikiwa kidato cha kwanza, mwalimu wetu wa Uraia alitupa kazi ya likizo. Kila mmoja achague kazi anayoitamani, akae siku saba na mtu anayeifanya, aandike daftari zima. Wavulana walijaza jeshi na udereva wa basi. Mimi nilisema nataka kuwa mfamasia, na darasa zima likaangua kicheko. "Saumu anakwenda kusomea panadol!" Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akaniandikia barua ya kupeleka kwenye duka la dawa karibu na stendi.

Bibi nilipomwambia alinitazama juu hadi chini. "Vidonge vya kwenye karatasi," alisema. "Hujui hata mti wake ulikua wapi." Lakini asubuhi ya kwanza alinipigia pasi sketi yangu, yeye mwenyewe.

Mtoa dawa pale dukani alikuwa Dada Neema, Msambaa wa Lushoto, mwembamba, mkali, na koti lake jeupe lilikuwa jeupe kweli katika mji ambao maji tuliyapangia foleni. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Alinifundisha kusoma tarehe ya mwisho wa dawa kabla ya kusoma jina lake. Alinifundisha kwamba mtu akiomba nusu ya dozi ya dawa mseto ya malaria humpi, hata akikutukana. Na ukutani alikuwa amebandika maswali matano ya kumuuliza mama mwenye mtoto mgonjwa. Umri na uzito. Homa imeanza lini. Ananyonya, anakula? Anatapika kila kitu? La tano aliligonga kwa kidole.

"Hili la tano: amekakamaa au amepoteza fahamu? Akisema ndiyo hapo, mimi si mtu wake tena. Anakimbizwa hospitali, saa ile ile, hata kama mama yupo na kanga moja. Degedege si la kusubiri, Saumu."

Alilitaja hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida. Niligeuka kutazama mlangoni nione kama kuna mtoto aliyesikia.

Siku ya nne, asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu, nilimsikia mama mdogo akiita kwa sauti ambayo sikuijua. Jumaa alikuwa mkekani, amekakamaa mikono na miguu, macho meupe. Bibi alifika kabla yangu. Alimfunika kaniki nyeusi gubigubi, akaangusha kaa la moto kwenye kigae, akafungua kopo la mwisho kwenye safu yake na kutoa mavi makavu ya tembo. Akamfukiza humo ndani ya kaniki, mtoto ambaye mwili wake tayari ulikuwa unawaka. Baada ya muda Jumaa alilegea, akalia, akalala. Bibi alitushika mimi na mama mdogo mikono, akatukazia macho.

"Ameshaondoka. Msilitaje. Na asiguswe na sindano. Mkisikia mtu anasema sindano, mjue huyo anataka kuzika."

"Sawa, bibi," nikasema. Nikachukua daftari langu, nikaenda dukani kujifunza ufamasia.

Saa sita mchana mama mdogo aliingia dukani. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na kifuko cha chumvi mkononi, na nikaelewa mara moja kwamba amemuaga bibi kwa kisingizio cha chumvi na huku amekuja kwa kujiiba. Bibi hakujua.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Hakunitazama. "Dada, naomba dawa ya homa. Ya mtoto."

Dada Neema aliacha alichokuwa akifanya, akaanza maswali yake. Miaka miwili. Tangu jana. Anakula kidogo. Hatapiki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli na daftari magotini, naandika kila jibu, maana ndiyo kazi niliyotumwa.

"Amekakamaa? Macho yamegeuka? Degedege?"

Mama mdogo alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba amerushiwa kitu. "Hapana. Homa tu."

Dada Neema hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alinigeukia. "Saumu, huyu si mama yako mdogo? Mtoto mnaishi naye. Umemwona asubuhi?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

Mama mdogo aliniangalia. Nimeuwaza mtazamo ule maelfu ya mara na mpaka leo sijui ulisema nini. Labda ulisema nyamaza. Labda, na hili ndilo linaloniamsha, ulikuwa unaniomba niliseme mimi kwa kuwa yeye hawezi. Kwa nini alikuja, kama hakutaka kuulizwa? Lakini nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto hamuumbui mkubwa mbele ya mgeni, tena mgeni wa milimani asiyejua ya kwetu. Na nilikuwa naamini. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya adabu. Pamoja na maswali matano na tarehe za dawa, niliamini kwamba nikilitaja tu, lile dege litageuza na kurudi juu ya paa letu.

"Ana homa tu, dada," nikasema.

Nikaandika kwenye daftari, mbele ya swali la tano: Hapana.

Dada Neema alimpa panadol ya maji, akamwonyesha kipimo, akamwambia amlete mtoto apimwe. "Leo, mama. Siyo kesho." Mama mdogo akasema ataleta jioni, akaificha chupa chini ya chumvi.

Jioni haikufika. Saa tisa Jumaa alikakamaa tena, na safari hii hakuzinduka. Bibi alirudia kaniki, akarudia moshi. Ilipoadhiniwa alasiri ndipo mama mdogo alimnyakua mtoto chini ya kaniki akatoka naye mbio, bibi akimpigia kelele, na kijana wa bodaboda akawapeleka hospitali. Nilikuwa nimesharudi kutoka dukani; nikawafuata kwa miguu. Nilimkuta daktari amemwinamia, akipiga sindano, akijitahidi, jasho linamtoka. Jumaa alikufa hata magharibi haijaingia.

Bibi aliposikia, hakulia kwanza. Alisema, "Nilisema."

Siku tatu za msiba neno hilo lilizunguka ua wetu. Bibi alisema, sindano ikachomwa, mtoto akafa. Wanawake walitikisa vichwa. Mmoja, akimenya ndizi huku mama mdogo anasikia, alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilitaka kumwagia sufuria lililokuwa motoni. Hakuna hata mmoja aliyehesabu saa. Tangu asubuhi mpaka alasiri mtoto alikuwa anakufa mikononi mwetu, na lawama zote wakaitwika sindano, iliyofika ya mwisho. Na huyo huyo bibi yangu, jirani alipoficha kidonda mguuni mpaka kikaoza, ndiye aliyemwambia mficha maradhi kifo humuumbua! Alikuwa na methali sahihi kwa kila nyumba isipokuwa yake.

Dada Neema alikuja kuhani. Alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani, akasimama.

"Ilianza lini?"

"Asubuhi."

"Kabla hujaja kazini."

"Ndiyo, dada."

Nilidhani atanipiga, na natamani angenipiga. "Umenidanganya dukani kwangu," alisema. "Sasa kasome hii kazi mpaka mwisho. Ukiiacha, utakuwa umemdanganya na yule mtoto."

Shule zilipofunguliwa nikakabidhi daftari. Nilikuwa wa kwanza. Mwalimu alilisoma mbele ya darasa, akasifu mwandiko na mpangilio, na jinsi nilivyonasa maswali na majibu ya wateja. Kila ukurasa aliutia alama ya vema kwa wino mwekundu. Alitia na kwenye ile Hapana. Waliokuwa wamecheka habari za panadol wakanipigia makofi, na mimi nikasimama pale kama mjinga, nikapigiwa.

Mimi sasa ni mfamasia, Korogwe. Bibi amefariki. Nilimuuguza, nikampenda, na hasira zangu naye hazijafa pamoja naye. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameona kwa macho yake watoto waliokwenda hospitali na degedege wakarudi wamefunikwa, na alihesabu vizuri. Ila aliokuwa akiwahesabu ni wale waliocheleweshwa na watu kama yeye. Onyo lake lilitimia kila mara kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa analitimiza, na bado alilala usingizi mzuri kuliko wote nyumbani. Hilo likinijia, hata kumrehemu huwa nakawia.

Mwaka jana mama mdogo alishuka kutoka Handeni kufuata dawa yake ya presha. Nilimkalisha kwenye benchi. Akiwa pale aliingia msichana, mama wa mtoto mmoja, kutoka Korogwe ya zamani, mtoto amemfunga mgongoni. Akaomba dawa ya homa. Nikamuuliza maswali yangu matano, kwa mpangilio ule ule wa ukutani. La tano akainamisha kichwa.

"Hapana. Homa tu."

Sijui nilipandishaje sauti. "Degedege! Litaje! Amekakamaa au hakukakamaa?" Msichana akaanza kulia, akasema ndiyo, alfajiri, na mama mkwe amemkataza kusema. Nikafunga dirisha la dawa, nikasimamisha bajaji, nikaingia naye mpaka mapokezi ya hospitali. Yule mtoto anatembea sasa. Mama mkwe, nasikia, ananiita mfamasia kichaa, na sina neno.

Niliporudi, mama mdogo alikuwa bado kwenye benchi, mikono juu ya mapaja. Miaka yote ile hatukuwahi kulizungumzia.

"Siku ile ungenifokea hivi mbele ya yule dada," alisema, "nisingekusamehe mpaka leo."

"Najua, mama mdogo."

Alijifunga kanga upya, taratibu, kama mtu anayetaka kuondoka, lakini hakuondoka.

"Basi ungeacha nisikusamehe."

Nilimpa dawa zake, nikamwandikia mara mbili kwa siku, nikampeleka stendi.

Usiku nilirudi nyumbani. Nilitoa lile daftari kwenye sanduku, karatasi zimekuwa za njano, vema za mwalimu bado nyekundu. Nikafungua siku ya nne. Nikaikata ile Hapana kwa kalamu, mstari mmoja, ili bado isomeke ilivyokuwa, na pembeni nikaandika kama ninavyojaza fomu za wagonjwa wangu: Ndiyo. Degedege. Leo asubuhi, mara moja. Nilikuwepo.