Parrain Haombwi Karatasi

Védastine alijua kusoma. Hilo liwekwe wazi mapema, maana baadaye watu walisema aliponzwa na ujinga. Alisoma Bukavu, alikozaliwa na kulelewa mpaka wazazi wake wakimbizi walipopata njia ya kurudi Rwanda baada ya vita. Hata ile karatasi ya kumpa mwanasheria, Maître Muhigirwa, mamlaka ya kudai na kupokea fidia ya marehemu mumewe aliishika mkononi. Hakuisoma tu. Nani anakaa kusoma karatasi mbele ya parrain wake?

Kwa watu waliotoka Bukavu, parrain aliyekusimamia ndoa si mtu wa kupiga naye picha kanisani mkaachana mlangoni. Ni baba wa pili. Mkigombana, yeye ndiye huwapatanisha. Mtoto akizaliwa, yeye ndiye hupelekewa habari kwanza. Muhigirwa aliwasimamia Védastine na mumewe Vénuste, na lori la Vénuste lilipopinduka na kumuua mwaka 1999 alilia kuliko ndugu wa damu. Mwanasheria, tena baba! Védastine aliona Mungu hakumtupa yeye na wanawe, Joselyne na wadogo zake.

Alichotaka ni kimoja tu: kile kishamba cha Mururu alichokuwa amepanga, pamoja na nyumba iliyokuwa juu yake. Mwenye shamba, Mzee Niyonsenga, alikubali kumsubiri mpaka fidia itoke. Védastine akaenda mbio kumweleza parrain kila kitu: bei, mipaka, hata kwamba mzee anahitaji fedha za kumtibu mkewe. Kwa mdomo wake mwenyewe, masikini!

"Dossier iko Kigali, mutoto yangu," Muhigirwa alimwambia kila alipokwenda kuuliza. Na hakwenda mikono mitupu. Alimbebea sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani, na ndizi za kuiva. Mwanasheria akala akashiba, faili likabaki Kigali. Bernadette, mwanamke wa Bukavu aliyeuza naye samaki kwenye daraja la mpakani la Rusizi II, akachoka kuyasikia hayo.

"Maman Joselyne, umuombe akuonyeshe karatasi."

"Nitamuomba karatasi namna gani parrain yangu? Batu batasema namuita mwizi."

"Basi umuache akule."

Mwaka wa pili Niyonsenga akaja kumwambia kwamba mkewe amezidiwa, hawezi kungoja tena, ameuza. Aliyenunua hakutaka kumtaja. Ndipo Védastine alipokwenda mwenyewe kwenye ofisi ya bima Kamembe, safari ambayo alipaswa kuifanya tangu siku ya kwanza. Karani alimtazama kwa huruma.

"Maman, feza ilishatoka tangu mwaka jana. Maître wako njo yeye alipokea."

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Muhigirwa. Mwanasheria hakushtuka hata kidogo. Alimvutia kiti.

"Feza haikupotea. Nilinunua ile shamba ya Mururu, batu bengine basikunyanganye. Iko kwa jina yangu sababu mujane hawezi kuchunga mali. Utabakia mule na batoto. Kila mwezi utanipatia kitu kidogo ya loyer, basi."

Kodi! Alipe kodi kwa shamba lililonunuliwa kwa damu ya mumewe! Védastine alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia, na haikusaidia. Wazee waliohudhuria harusi yake walimwambia anayempeleka parrain mahakamani anajitafutia laana. Mwanasheria mwingine aliitazama ile karatasi, akamuuliza kama sahihi ni yake. Ilikuwa yake.

Mwisho wa mwezi Muhigirwa alipanda mpaka Mururu. Aliketi kwenye kiti cha Vénuste, akanywa maji, akapokea kodi bila kuihesabu, kama mtu anayefanya wema. Kisha akawawekea watoto mkono kichwani, mmoja mmoja, akawaombea.

"Mungu akulinde, mutoto yangu," akamwambia Védastine mlangoni.

"Asante, Papa," alijibu, kwa sababu watoto walikuwa wanamtazama na hakuwa na mahali pengine pa kuwalaza. Alimchukia mtu yule. Ila sauti yake mwenyewe, iliyotoka laini na yenye heshima zote, aliichukia zaidi.