Ukurasa Nilioufuta kwa Mkono Wangu

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja hapa mjini Isiolo. Nina umri wa miaka sitini na tatu. Nimezaa watoto watano, nimemzika mume wangu, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimefundisha watoto Kurani katika duksi iliyo nyuma ya nyumba yangu, mtaa wa Bula Pesa. Nina tovuti yangu mwenyewe. Niliitengeneza mara mbili, na ni ile mara ya pili ninayotaka kuieleza, kwa sababu watu mjini wanaisimulia vibaya. Wanasema nilihurumiwa. Sikuhurumiwa.

Kwanza niseme kwa nini nilienda chuo. Kitambulisho changu kilikuwa kimechakaa hata jina halisomeki, nikaenda ofisini kuomba kingine. Karani akatazama kioo cha kompyuta yake, akasema, "Mama, mfumo umekataa." Nikarudi wiki iliyofuata, mfumo ukakataa. Mara ya tatu nikamuuliza, "Mwanangu, huyu mfumo anakaa ofisi gani? Nataka kumsalimia." Foleni nzima ikacheka.

"Mama, mfumo si mtu. Ukikataa, umekataa."

Nikamwambia kwamba aliye na haki ya kukataa bila kuulizwa ni Mwenyezi Mungu peke yake, na kingine chochote kimetengenezwa na mtu aliyekaa kitini kama yeye. Kitambulisho nilikipata baadaye, alhamdulillahi, na karani yule sina kinyongo naye. Lakini nilitoka pale nikiwa na hamu ya kujua kitu hicho kinatengenezwaje. Cheti cha kidato cha nne nilikuwa nacho. Mtihani ule niliufanya ukubwani, mwaka mmoja na binti yangu wa mwisho. Nikajaza fomu.

Kaka yangu mkubwa alikuja nyumbani kunikanya. Alikataa hata chai.

"Dada, umri huu ni wa tasbihi."

"Tasbihi ninayo. Punje zote nimezipitia leo, na bado ni saa mbili asubuhi. Saa zilizobaki nizifanyie nini?"

"Watu watacheka."

"Waache wacheke. Wakichoka watanyamaza."

Darasani wengi ni wa umri wa wajukuu wangu, na tangu siku ya kwanza waliniita Shosho, yaani bibi. Mwalimu wetu ni kijana kutoka upande wa Meru, Mkristo mwenye adabu, ambaye huanza kila somo kwa kuuliza habari za kila mmoja wetu kabla hajagusa kompyuta. Mimi huniita Mama. Kando yangu hukaa msichana wa Kiturkana kutoka Ngaremara, ambaye vidole vyake hukimbia juu ya vibonye kama mbuzi walioona maji. Mimi huandika kwa vidole viwili.

Mwisho wa muhula tulipewa kazi moja kubwa, na mwalimu alituambia wazi kwamba asiyeifanya hatavuka kuingia mwaka wa pili. Kila mwanafunzi atengeneze tovuti ya kujitambulisha, aiweke kwenye kompyuta kuu ya chuo. Akatuonyesha mfano. Juu kulikuwa na duara la kuwekea picha. Chini yake palikuwa na maneno machache ya kujisifu, kisha mistari ya rangi ya kuonyesha ujuzi wako ni asilimia ngapi. Vijana wakajaza. Karibu wote waliandika kwamba wamependa kompyuta tangu utotoni, na wengine wao najua walikozaliwa. Kompyuta ya kwanza waliiona wakiwa na ndevu.

Mimi picha sikuweka. Uso wangu wanaonifahamu wanaufahamu. Ile mistari ya asilimia niliiondoa kabisa, maana nitajuaje elimu yangu ni asilimia ngapi? Ya nini? Mwenye kujua kipimo chake ni aliyenipa. Badala yake niliweka orodha mbili. Ya kwanza niliiita Ninayoyajua, nikaandika kusoma na kufundisha Kurani, lugha nne, kuosha maiti wa kike, kutuliza mtoto anayeogopa herufi. Ya pili niliiita Nisiyoyajua. Hiyo ilikuwa ndefu, na nilikuwa nikiiongeza kila wiki.

Nyumbani sina kompyuta. Kwa hiyo kila mstari nilioandika chuoni niliunakili kwenye daftari, na baada ya sala ya alfajiri niliusoma kwa sauti, nikitembea uani, mpaka ukakaa kifuani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusoma kitu chochote. Lugha ile ya kuandikia kurasa ina alama zinazokaa ndani ya mabano yenye ncha. Ukifungua alama, lazima uifunge, na iliyofunguliwa mwisho hufungwa kwanza. Nikaipenda. Nilikuwa nikiyumba huku nikisoma, fungua kichwa, funga kichwa, fungua aya, funga aya, na msichana wa Ngaremara aliponisikia darasani aliweka mkono mdomoni.

"Shosho, unaisomea kompyuta dua?"

"Naisomea masomo yake. Dua nakuombea wewe, upunguze kelele."

Sasa nifike kwenye kosa langu. Katika duksi zetu mtoto haandiki kwenye daftari. Ana loho, ubao wa mti, na wino wa makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na utomvu. Huandika aya zake, huzisoma siku mbili tatu, kisha huja kuzisoma mbele ya mwalimu bila kuangalia. Mwalimu akiridhika, mtoto huenda kuosha loho mahali safi pasipokanyagwa, ili aandike aya zinazofuata. Loho ambayo haijaoshwa ni ya mtoto ambaye bado hajajua. Tangu nilipokuwa na miaka sita mpaka leo, kuosha ndiyo furaha yenyewe. Nimewatuma mamia ya watoto wakaoshe, nao huenda wakikimbia.

Siku ya Alhamisi mwalimu wetu alipita dawati kwa dawati. Alifika kwangu, akasoma tovuti yangu kutoka juu mpaka chini, akanihoji kila sehemu nimeifanyaje, nikamjibu. Akatabasamu, akaweka alama ya vema kwenye daftari lake, akasogea kwa mwingine. Nikasema alhamdulillahi. Kisha, bila kusita hata kidogo, nikafuta yote. Nilifuta kwenye mashine, nikafuta kwenye kompyuta kuu ya chuo, nikamwaga hata kile kikapu kinachohifadhi vilivyotupwa. Nilifanya kazi safi. Kisha nikakunja mikono, nikangoja somo jipya.

Msichana wa Ngaremara aligeuka akaona kioo changu cheupe.

"Shosho! Tovuti yako iko wapi?"

"Nimeiosha."

"Umeiosha aje?"

"Mwalimu ameisikia. Imekwisha."

Alinitazama kama mtu anayeona nyumba inaungua. "Shosho, wasahihishaji wanakuja Jumatatu. Wataangalia nini?"

Nilimkimbilia mwalimu, naye akajaribu kila njia aliyoijua, lakini nilichokifuta kilikuwa kimefutika. Tulipokata tamaa jioni ilikuwa imeingia, Ijumaa ilikuwa sikukuu, na chuo kilifungwa mpaka Jumatatu. Jumatatu asubuhi niliitwa na mkuu wa idara.

Mkuu wa idara ni mama wa makamo, mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, na simlaumu kwa kufuata karatasi. Mwalimu wetu alikuwa amesimama kando ya dirisha. Mezani palikuwa na orodha ya wanafunzi wote, na mbele ya jina langu nikaona tayari pameandikwa kwa kalamu: cheti cha kuhudhuria.

"Karibu Mama, kaa," alisema. "Anwani ya tovuti yako haifunguki."

"Haifunguki kwa sababu niliifuta mwenyewe."

"Mimi niliiona," mwalimu akasema. "Ilikuwa nzuri."

"Mwalimu, kuona kwako hakuwezi kufunguliwa na msahihishaji," mkuu wa idara akamjibu. Kisha akanigeukia, akalainisha sauti, na sauti ile ndiyo iliyonikera. "Mama, wacha tuongee kama wanawake. Huenda mjukuu alikusaidia kuitengeneza, ukaogopa utaulizwa maswali. Si aibu. Sisi tumefurahi vile umekuja. Tutakupa cheti cha kuhudhuria, utavaa joho, upigwe picha na watoto wako. Mwaka wa pili hata hutauhitaji."

Nimeishi miaka mingi na nimenyamaza mara nyingi, nikimshukuru Mungu kwa kunipa subira. Lakini subira si kukubali uongo ukiandikwa mbele ya jina lako.

"Binti yangu," nikasema, "sikuja hapa kupigwa picha. Kama ningetaka joho ningelishona. Nilifuta kwa kutojua desturi ya hapa, na kwa hilo nikate alama utakazo. Lakini kazi ni yangu, na bado ninayo."

"Kwenye fleshi?"

"Kichwani."

Alicheka kidogo. Hakukusudia ubaya. "Mama, ni kama mistari mia mbili."

"Watoto wangu wa miaka tisa wana zaidi ya hiyo. Nipe mashine. Toa intaneti, toa daftari langu, ukae hapo uone."

Mwalimu alikuwa ameshachomoa waya wa intaneti kwenye kompyuta ya ofisini. Mkuu wa idara aliangalia saa yake: saa nne na nusu. "Nina mkutano saa nane," alisema. "Mpaka hapo."

Nikasema bismillahi, nikaanza. Nilisoma kwa sauti ya chini, vidole viwili vikifuata ulimi. Mkuu wa idara alisimama nyuma yangu kwa muda, kisha akarudi kwenye karatasi zake, kisha akaja tena. Watu waliingia na kutoka na mafaili. Mmoja aliuliza, "Huyu mama anapiga chapa nini?" akaambiwa anyamaze.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mwalimu, Mkristo yule, aliinama akaninong'oneza, "Mama, nenda uswali, mimi nitalinda mashine."

"Wakati wa adhuhuri ni mpana," nikamjibu. "Ninaujua mwanzo wake na mwisho wake. Kiti hiki ndicho sijui kitabaki changu mpaka lini."

Saa saba na robo nikafunga alama ya mwisho, nikafungua ukurasa tuuone. Ulitoka, lakini ulitoka vibaya: maandishi yote, tangu jina mpaka mwisho, yalikuwa makubwa na meusi kama tangazo la mkutano wa hadhara.

"Sasa?" mkuu wa idara akauliza.

Katika duksi, mtoto akikwama katikati ya sura hatumwambii abahatishe palipomshinda. Hurudi mwanzo. Nikarudi mwanzo. Nikasoma mstari kwa mstari, fungua, funga, fungua, funga, na mkuu wa idara akiwa ameegemea meza na kunisikiliza. Nilipofika kwenye kichwa cha habari, ulimi ulisema funga na jicho halikuona kitu. Nilikuwa nimeacha alama moja wazi, na maneno yote yaliyofuata yalidhani yako ndani ya kichwa.

"Ni hapa," nikasema. Nikaifunga. Tukafungua tena.

Ukurasa ukakaa sawa. Mwalimu alipiga makofi mara moja, akajizuia.

Mkuu wa idara alivuta kiti akakaa kando yangu, akasoma. Alisoma taratibu zaidi kuliko nilivyotarajia. "Orodha ya usiyoyajua ni ndefu kuliko ya unayoyajua," alisema. "Mwajiri akiona hii hatakuajiri."

"Sitafuti mwajiri. Natafuta kujua. Akipita mtu anayejua mojawapo ya hayo, aniandikie."

"Na duara la picha?"

"Nimelitoa. Ukitaka kuniona, niko hapa."

Hapo akacheka kicheko cha kweli, kisha akajikaza, akarudi upande wake wa meza. Alisema kanuni ni kanuni: kazi iliyochelewa hukatwa alama, na yangu ingekatwa kama ya mwanafunzi yeyote. Nikamwambia hilo ndilo jambo la kwanza nililolipenda tangu niingie ofisini mwake. Alichukua kalamu, akakata yale maneno ya cheti cha kuhudhuria, akaandika alama. Zilikuwa hamsini na mbili. Mwalimu akatia sahihi, na mimi nikatia yangu. Hakuna aliyenipa hata moja kati ya zile hamsini na mbili kwa ajili ya mvi zangu. Yeyote asemaye vinginevyo aende akaufungue ukurasa wenyewe, sijaufuta.

"Mama," mkuu wa idara aliniita nikiwa nimeshika mlango, "mwaka wa pili kuna hesabu ngumu. Vijana wenyewe hulia."

"Ratiba yake imebandikwa wapi?"

"Bado haijatoka. Labda jioni."

"Sawa," nikasema. "Naenda kuswali, kisha nitarudi nikae pale kwenye benchi niingoje."

Nilirudi, nikakaa.