Hajji Aliyekuja Kulinda Koo Langu

Nilipanua mdomo kwenye kiti cha daktari wa meno, na mtu wa kwanza kuchungulia ndani hakuwa daktari.

Alikuwa baba wa mchumba wangu. Ana tochi.

"Panua vizuri," akaniambia. "Mimi nataka kuona koo."

Ngoja nieleze. Naitwa Rafiq, nauza vitambaa Nakivubo, hapa Kampala. Ilikuwa Ramadhani, na gego langu la chini lilikuwa na shimo lililoninyima usingizi wiki nzima. Mchana mmoja nikajificha nyuma ya duka nisukutue kwa maji ya chumvi. Natema tu, wallahi! Nainua kichwa, Hajji Asuman huyo hapo, ananitazama ninavyofuta mdomo.

Jioni hiyo mchumba wangu Rumaisa akanipigia simu analia.

"Baba anasema wewe unakula mchana. Anasema hilo jino ni uongo."

Kwa hasira nikajitia kimbelembele. Nikasema naenda kuliziba, na nitaliziba nikiwa nimefunga. Sheikh alishatuambia hakuna ubaya, mradi usimeze kitu.

Hajji akakubali kwa sharti moja: aje mwenyewe kulinda. Likishuka tone moja la maji, nimsahau Rumaisa.

Ndiyo maana tukabanana kwenye kile chumba kidogo upande wa Mulago.

"Ssebo, mzee wangu, wewe ni nani yake?" Daktari Florence akamuuliza.

"Mkwe. Kama hatameza."

Daktari akaangua kicheko, kisha akaona mzee hacheki.

Akanipaka dawa kwenye ufizi, akadunga sindano. Nilikuwa nimejikaza kama naenda vitani, kumbe mchomo wenyewe wa mara moja tu. Baada ya muda mdomo ukafa ganzi. Shavu nililigusa nikahisi nagusa la mtu mwingine.

Mashine ikaanza kuchonga. Inapiga kelele, inarusha maji, na mpira wa kufyonza unayavuta yale maji pembeni. Maumivu hakuna. Kelele tu, na Hajji.

"Kikoromeo imetembea!"

"Mzee, hayo ni mate yake."

"Mate yake ruhusa. Ya mashine hapana!"

Akasogea karibu zaidi, tochi nusura iingie puani mwangu. Hapo ndipo kipande cheusi cha uozo kiliporuka kutoka kwenye jino, kikatua kwenye miwani yake.

Hajji akavua miwani. Akakitazama. Akakinusa, sijui kwa nini.

Kisha akashuka chini taratibu, kama gunia linaloteremshwa kwenye lori.

"Bambi, maskini, muzee sukari imeshuka!" Nesi Lakica akakimbia, akarudi na soda ya machungwa, akaifungua, akamwekea mdomoni.

Nikaona hatari. "Aa! Aa!"

"Inauma?" Daktari akauliza.

"Aaa!" Nikaonyesha chupa kwa kidole.

"Pole, bambi." Akanidunga sindano ya pili.

Mpaka anaichomoa, Hajji alikuwa ameshaikamata chupa kwa mikono miwili na kuimaliza. Akacheua. Macho yakamfunguka.

Daktari akajaza dawa nyeupe kwenye shimo, akaimulika kwa taa ya buluu ikawa ngumu, akanipa karatasi ya rangi nitafune aone kama jino limekaa sawa. Kazi imekwisha.

"Usile mpaka ganzi iishe, usije ukajitafuna mdomo."

"Atakula wapi?" Hajji akasema pale chini. "Huyu amefunga. Sisi wote tume..."

Akaitazama chupa.

Akanitazama mimi.

Nilimhurumia mzee wa watu kutoka moyoni. Nikageuka ukutani, nikasoma tangazo la mswaki kama mtu anayesomea mtihani.

Wakati wa kufuturu, mbele ya wazee wote, Hajji akanishika mkono. Ananifinya kweli kweli.

"Hii kijana ni mwanaume. Koo yake nimelinda mimi mwenyewe. Nikaha ni baada ya Idi."

Tukaoana. Wiki moja baada ya harusi, bado nipo fungate, simu ikaita.

"Rafiq. Kesho tunafunga."

"Tunafunga nini, Hajji? Ramadhani si imeisha?"

"Imeisha kwako. Mimi iko na siku moja." Sauti ikashuka. "Mama Rumaisa akiona nafunga peke yangu ataniuliza sababu. Tukifunga wawili, nitasema wewe ndiye umenialika."

Mimi sikuwa na deni la siku hata moja. Na Rumaisa alikuwa ameshaniahidi samaki wa Ggaba mchana huo.

Nikafunga.

Somo? Jino likianza kukusumbua, wahi shimo likiwa dogo, sindano isikutishe. Ila ingia peke yako. Ukilazimika kwenda na mkwe, mwache nje, mwambie akulindie viatu.