Siku Waliyomlilia Wavinya Akiwa Hai

Sista Clare amenisumbua vya kutosha. Kila nikipita kliniki yake pale mtaa wa Pipeline kupimwa presha, ni yale yale: "Shosho, andika mambo ya Wavinya, akina mama wasome wakingoja zamu kwenye laini." Mimi ni bibi kizee wa kushona viatu. Shule niliacha nikiwa bado najifunza kuandika bila kutoka nje ya mstari, na sikuacha kwa kupenda. Nikamwambia aandike yeye, si ana kalamu zimejaa mfukoni? Akasema akiandika yeye haitakuwa na ladha. Haya. Ladha ndiyo hii, na mtu asinisahihishe.

Wavinya ni mwanamke mfupi wa kutoka upande wa Machakos, anashona kwa mkono wa kushoto, ulimi hauna breki. Alikuja kwangu soko la Kariokor, mstari wa viatu, akitafuta kazi ya kushona shanga kwenye sandali. Nikampa shazia, ile sindano nene ya ngozi, na kipande cha ngozi ya ng'ombe, ile ngumu ninayowapa watu nikitaka waondoke. Wengi hujidunga, wakanyonya kidole, wakaenda zao. Yeye alijidunga, akafuta damu kwa sketi, akaendelea. Aliponirudishia, mshono ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Sikumwambia siku hiyo wala baadaye. Atalisoma hapa.

Aliolewa na Kimeu, dereva wa lori la maji, wakapanga chumba Tassia. Mimba mbili zikatoka kabla hazijaonekana. Hakulia mbele yangu. Alikuja kazini, akashona, ila siku hizo alikaza uzi mpaka ngozi ikakunjamana. Ya tatu ikashika.

Ikashika, lakini si mahali pake. Hilo hatukulijua. Picha aliyopigwa mimba ikiwa changa haikuonyesha ajabu lolote. Tumbo likakua, tukafurahi, nikaanza kushona viatu vidogo vya ngozi laini na kuvificha chini ya meza.

Lakini mtoto akicheza, Wavinya aliuma meno. Alifika mahali anashona amesimama, kwa maana kukaa kulimuumiza.

"Shosho, huyu ananikwaruza kama paka ndani ya gunia."

Mimi nimezaa, nikazalisha na majirani enzi zile gari la hospitali lilikuwa habari ya kusikia tu. Nikaweka mkono. Mguu wa mtoto ukanigusa. Si kwa mbali vile mtoto hugusa akiwa tumboni. Ulikuwa papo hapo, kama umefunikwa na leso tu. Nikatoa mkono haraka.

"Nini?" akauliza.

"Ana miguu mikubwa, kama ya babake."

"Shosho, wewe hujui kudanganya."

"Basi inuka twende kwa Clare."

Clare alimpapasa, akampapasa tena. Kisha akavua glavu. "Mnaenda hospitali kubwa sasa hivi. Si kesho, na si baada ya chai."

Huko tukampata Daktari Nzomo, mama mrefu mwenye sauti ya chini. Alimpiga picha upya, akaitazama kwa muda, akavuta kiti akaketi karibu na Wavinya. Hilo nililipenda. Kuna wanaokuambia mambo kama hayo wakiwa wamesimama mlangoni.

"Mama, mtoto wako yuko hai, na amekomaa vya kutosha kutolewa. Lakini hayuko ndani ya mfuko wa uzazi. Amekua nje yake, katikati ya matumbo."

Wavinya akafikiri. "Yaani amepanga kwa jirani?"

Daktari akacheka bila kutaka. "Amepanga kwa jirani, na hakuna mlango wa kutokea. Lazima tupasue."

"Basi pasua."

"Ngoja. Shida yangu si mtoto. Ni kondo la nyuma. Limejishika kwenye matumbo yako na mishipa yake ya damu. Kwa kawaida kondo likitoka, mfuko wa uzazi hujikaza na damu inasimama. Utumbo haujui kujikaza hivyo. Nikilivuta, utavuja damu na sitakuwa na pa kushika. Wanawake wengi wa hali kama yako wamekufa namna hiyo. Kwa hivyo nitamtoa mtoto, kondo niliache hapo hapo, likauke lenyewe. Lakini likichomoka hata pembeni tu, nitahitaji damu, tena nyingi. Na benki ya damu ya hapa iko karibu tupu. Leteni watu watoe, damu ya aina yoyote, tutabadilishana na benki kuu."

Hapo ndipo mambo yote yalisimama. Daktari yupo, visu vipo, mtoto yu hai. Damu ndiyo hakuna.

Mimi nikakunja mkono wa sweta. Mhudumu akaniuliza nilizaliwa lini. Nikamwambia mwaka wa njaa. Akauliza njaa ipi. Kumbe nia yake ilikuwa kunikataa: ati nimepita umri. Mikono hii inakata tairi la lori kuwa soli, na damu yake imepita umri! Kimeu akatoa, na madereva wenzake wawili. Daktari akatikisa kichwa. Bado.

Nikarudi Kariokor. Kimani ndiye mwenyekiti wa mstari wetu. Nikamweleza yote.

"Pole sana, Mama Mbuthia," akasema. "Lakini si unaona wateja wa Jumamosi? Tutajipanga Jumatatu."

"Jumatatu atakuwa amekufa."

"Usitaje hivyo. Halafu mimi na sindano... unajua."

"Kimani, unashinda na shazia mkononi!"

"Shazia inadunga ng'ombe, mama."

Sasa, mstari wetu una desturi moja. Mwenzetu akifa, tunafunga wote, hata kama ni mchana wa biashara, tunabeba turubai tunakwenda kukaa na wafiwa. Kwa ugonjwa hatufungi. Mgonjwa hutumiwa salamu. Nilipandwa na hasira. Nikashusha mabati ya kibanda changu, nikatia kufuli, nikajitanda leso kichwani kwa sababu jua lilikuwa kali, nikatoka bila kuaga mtu. Tangu nipewe kibanda kile, sikuwa nimekifunga mchana ila kwa msiba.

Nikarudi hospitali nikaketi kando ya kitanda. Wavinya ndiye alinipapasa mkono, ati mimi ndiye mgonjwa.

Baada ya muda tukasikia wimbo nje. Wimbo ule wa pole pole, unaujua, wa kusindikizia jeneza.

Wavinya akainua kichwa. "Shosho, hao wanamlilia nani?"

Nikachungulia dirishani. Kimani yuko mbele, turubai begani. Nyuma yake mstari mzima wa viatu. Nyuma yao akina mama wa kanisa la Wavinya kule Tassia, leso viunoni, wanapangusa macho.

"Wewe," nikasema.

"Mimi?"

"Inaonekana."

"Nimekufa lini?"

"Sijaambiwa."

Akacheka huku ameshika tumbo, machozi yanamtoka, sijui ya uchungu au ya kicheko. "Waulize kama wamekuja na soda!"

Nikatoka nje. Kimani akanikumbatia. "Pole, Mama Mbuthia. Tulipoona umefunga na kujitanda leso, tukawapigia na wa kanisa..."

"Niachilie! Nilifunga kwa sababu uliniudhi. Wavinya yuko hai, anauliza kama kuna soda."

Wimbo ukakatika katikati. Mama mmoja akapiga yowe, mwingine akaanza kucheka. Nikapanda juu ya ukingo wa bustani ya maua ili nionekane, maana sijajaliwa urefu.

"Kwa mgonjwa mliniambia Jumatatu," nikasema. "Kwa maiti mmefika kabla jasho langu halijakauka. Sawa. Biashara mmeshafunga. Turubai mmeshaleta. Litandazeni hapo, mkae, mkunje mikono. Mtu haongezwi machozi kwenye mshipa. Nani wa kwanza?"

Kila mtu akaangalia viatu vyake. Na watu wa mstari wetu wana viatu vizuri vya kuangalia.

Ndipo dirisha likafunguka, na sauti ya Wavinya ikatoka. "Kimani! Ulikuja kunizika, na unashindwa na sindano?"

Umati ukalipuka. "Mwenyekiti! Mwenyekiti!" Kimani akaenda huku amefumba macho, akishikwa mkono kama bwana harusi. Wakamfuata mmoja mmoja, wa ngozi, wa tairi, wa shanga, kisha akina mama wa kanisa, mpaka mhudumu akatoka kuomba viti zaidi. Wengine walikataliwa kwa presha, wakakasirika kama mimi. Nikawakaribisha kwenye turubai.

Walimwingiza thieta kupasuliwa jua likiwa bado juu. Tukakaa pale chini. Hakuna aliyeondoka kurudi kuuza, na ilikuwa Jumamosi. Kimeu alisimama ukutani amegeuza uso. Mimi nilishika vile viatu vidogo kwenye mfuko wa sweta, nikavifinya mpaka vikaharibika umbo.

Daktari Nzomo akatoka na kofia yake mkononi.

"Msichana," akasema. "Analia vizuri, na ana miguu mikubwa."

"Mamake?" Kimeu akauliza.

"Kondo lilichomoka kidogo pembeni. Damu ilikuja kwa nguvu. Tukamwongezea yenu, tukaongeza tena, ikasimama." Akavuta pumzi. "Anapumua. Ameuliza kuhusu soda."

Sijui nani alianza kuimba, lakini haukuwa ule wimbo wa kwanza. Walinzi walikuja kutunyamazisha, wakashindwa, wakasimama wakitutazama. Mimi sikuimba. Nilikuwa nimekaa chini nikivinyoosha vile viatu vidogo virudi umbo, na mtu asiseme nililia.

Wavinya alikaa wodini sana, maana homa ilimjia ikaondoka ikarudi, na daktari alilitazama lile kondo kwa picha likinywea polepole kama ngozi iliyoachwa juani. Siku alipoingia tena Kariokor na mtoto mgongoni, mstari wote uligonga nyundo juu ya mbao, kelele mpaka barabarani.

Mtoto anaitwa Nthenya, jina la Kikamba, kwa kuwa alizaliwa mchana, watu wote wakiona. Kimeu alitaka Tiffany. Nikamuuliza kama kuna Tiffany aliyewahi kukata tairi. Jina la pili ni Wacuka, langu. Waliniomba, sikujifanya kukataa.

Na Kimani? Siku hizi akisikia kuna mama anayevuja damu mahali, yeye ndiye hushusha mabati kwanza. Bado hufumba macho.

Basi, wewe uliyekaa kwenye benchi la Clare ukisoma, na wewe bwana uliyemsindikiza mkeo na kujifanya unaangalia simu: nimeandika mpaka vidole vinauma. Hujapita umri kama mimi. Laini yako ikiisha, inuka uulize damu inatolewa wapi, uende leo leo, usingoje Jumatatu. Kisha upite Kariokor, mstari wa viatu, uulize Mama Mbuthia. Unionyeshe mkono wako na ile plasta. Bila plasta, usiniamkie.